Volunteer Pass ya Marekani: kadi inayopatikana kwa saa 250 za jasho

Kadi hii haiuzwi. Mkaazi wa Marekani mwenye dola 80 akifika langoni Yellowstone au Grand Canyon atauziwa kadi ya mwaka ya kawaida, na hakuna atakayemuuliza ameifanyia nini hifadhi hiyo. Volunteer Pass ni ya ukoo uleule, ukoo wa kadi za kiingilio za America the Beautiful, na inafungua malango yaleyale. Tofauti ni bei yake: saa 250 za kujitolea kwenye ardhi za umma zinazosimamiwa na serikali kuu ya Marekani. Ukizitimiza unapewa bure, na inatumika mwaka mmoja.

Hapa tunaipima kwa mizani miwili: kama kitu cha kutumia, na kama shukrani. Kwa matumizi ni kadi nzuri sana. Kwa upande wa shukrani ina kasoro moja nzito, nayo ni kwamba anayefaidika nayo zaidi ndiye anayechelewa zaidi kuipata.

Tuanze na inachofungua. Asili yake ni sheria ya ada za burudani kwenye ardhi za serikali kuu iliyotiwa sahihi Desemba 2004, iliyoruhusu pia watu waliojitolea kwa kiasi kikubwa wapewe kadi bila kulipa. Kadi za mfumo huo zilianza kutolewa mwaka 2007. Leo zinakubaliwa katika maeneo zaidi ya 2,000 yaliyo chini ya mashirika sita: Idara ya Hifadhi za Taifa, Idara ya Misitu, Idara ya Samaki na Wanyamapori, ofisi ya usimamizi wa ardhi, ofisi ya mabwawa na umwagiliaji ya magharibi, na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Maziwa mengi ya kutengenezwa na watu, ambako familia za Texas au Kentucky huenda kuvua samaki na kuchoma nyama Jumapili, yako chini ya wahandisi wa jeshi. Kwa hiyo Mswahili wa Dallas au Louisville aliye mbali kabisa na milima ya Colorado anaweza kuwa na eneo la kujitolea, na la kutumia kadi, karibu na nyumbani.

Ukiingia mahali panapotozwa kwa gari, kadi inamwingiza mwenye kadi pamoja na wote waliomo katika gari lake binafsi. Panapotozwa kwa kichwa, inamwingiza yeye na watu wazima watatu zaidi. Watoto walio chini ya miaka 16 hawalipi. Kiingilio cha gari moja Yosemite, Zion, Yellowstone au Grand Canyon ni dola 35, kwa hiyo familia itakayotembelea hifadhi tatu za namna hiyo ndani ya mwaka imeokoa dola 105.

Kuna mambo isiyoyalipia, na hapo ndipo watu hugombana na walinzi wa langoni bila sababu. Hailipii kupiga kambi. Hailipii ziara ya kuongozwa ndani ya pango, wala boti ya kuvuka kwenda kisiwani, wala kibali maalumu cha kwenda nyikani. Na kama hifadhi inataka uweke nafasi ya saa ya kuingia kwa njia ya mtandao, kama Rocky Mountain ilivyofanya misimu ya kiangazi, kadi haikupi nafasi hiyo. Unaiweka mwenyewe na unalipa ile ada ndogo ya kuweka nafasi. Hifadhi za majimbo nazo hazimo. Hili tulirudie, kwa sababu ndilo kosa linaloongoza: hifadhi ya jimbo la Minnesota au Texas si ya serikali kuu. Kadi haifanyi kazi pale, na saa ulizojitolea pale haziingii kwenye hesabu ya 250.

Kinyume chake, yapo maeneo ya serikali kuu yasiyotoza kiingilio kabisa, na saa za huko zinahesabiwa. Kimbilio la wanyamapori la Minnesota Valley, lililo jirani na uwanja wa ndege wa Minneapolis, halina ada ya kuingia. Kadi haina la kukufanyia pale, lakini ni mahali pazuri pa kuchumia saa za kadi utakayoitumia kwingine. Anayeishi mjini bila gari la safari ndefu aanze na maeneo ya namna hii.

Saa 250 ni nyingi kiasi gani

Zamani sharti lilikuwa saa 500. Kulipunguza hadi 250 kulikuwa uamuzi wa maana, maana saa 500 zilikuwa za mstaafu au mwanafunzi aliye likizo, si za mtu anayefanya kazi ghalani usiku.

Hata hivyo 250 si mchezo. Kwa siku za saa nane ni siku 31 na kidogo. Mtu anayetoa saa tano kila Jumamosi, bila kukosa, atamaliza wiki 50. Anayetoa saa sita Jumamosi mbili kwa mwezi, ambacho ndicho kiwango cha kweli kwa mzazi mwenye ajira, anakusanya saa 144 kwa mwaka, na kadi ataiona baada ya miezi 21. Upande wa pili yuko msimamizi wa kambi, yule anayeegesha nyumba yake ya magurudumu kwenye kambi ya msitu wa taifa, anapokea wageni, anasafisha mashimo ya moto na kujibu maswali. Huyo akifanya saa 30 kwa wiki, wiki ya tisa haitakwisha kabla hajazipita 250.

Sasa tazama ni nani huyo. Mara nyingi ni mstaafu. Na raia au mkaazi wa kudumu mwenye miaka 62 na zaidi anaweza kununua kadi ya wazee ya maisha yote kwa dola 80, au ya mwaka kwa dola 20, tena kadi hiyo inampunguzia nusu ya gharama katika kambi nyingi. Volunteer Pass haina punguzo hilo. Mwenye ulemavu wa kudumu, akiwa raia au mkaazi wa kudumu, anapewa ya kwake bure ya maisha yote. Askari aliye kazini ana yake, mkongwe wa vita ana yake, na mtoto wa darasa la nne ana yake ya mwaka inayoingiza familia nzima. Kwa hiyo mzee aliyetoa saa 600 msimu mmoja akikunja mgongo juu ya mashimo ya moto anapewa kadi iliyo duni kuliko ile iliyokwisha kaa mfukoni mwake.

Ambaye hana kadi nyingine yoyote, na angefurahia sana hii, ni mama wa miaka 35 mwenye watoto watatu na kazi mbili. Huyo ndiye wa miezi 21. Mfumo ungeweza kumpunguzia kwa kutoa kadi ya siku chache kwa saa 50, au kuruhusu mume na mke wajumlishe saa zao. Hauruhusu. Saa ni za mtu mmoja mmoja.

Thamani ya pesa? Dola 80 kugawa kwa saa 250 ni senti 32 kwa saa. Atakayeitazama kama malipo atajiona amenyonywa, na ana haki. Sisi tunaitazama kama heshima, na heshima hupimwa kwa namna inavyotolewa. Msimamizi anapoita jina lako mbele ya wenzako na kukukabidhi kadi asubuhi ya kazi, hilo lina uzito. Inapotupwa kwenye bahasha bila hata neno, thamani yake inarudi kuwa senti 32. Maeneo yanatofautiana mno katika hili, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye udhaifu mkubwa: sheria imeweka kadi, haikuweka adabu ya kuitoa.

Kuanza: karatasi kwanza, jembe baadaye

Kwetu kuna majina mengi ya kazi ya pamoja. Mtanzania anajua msaragambo, Mkenya harambee, Mkongo salongo, Mnyarwanda umuganda. Aliyekulia humo anaweza kudhani kujitolea ni kufika na jembe asubuhi. Marekani kazi inaanza na fomu, na fomu hiyo inaitwa OF-301A. Ni mkataba wa kujitolea kati yako na shirika. Bila sahihi yako na ya ofisa, hujajitolea kwa macho ya serikali hata kama umelima siku nzima.

Usiiogope fomu hii, maana inakulinda. Sheria ya kujitolea hifadhini ya mwaka 1970, na ile ya misitu ya mwaka 1972, zinasema anayejitolea si mwajiriwa wa serikali, ila kwa mambo mawili anahesabiwa kama mwajiriwa: akiumia kazini analindwa na mfuko wa fidia wa wafanyakazi wa serikali, na akimsababishia mtu hasara akiwa ndani ya majukumu yake, serikali ndiyo inayobeba dai. Neno zito hapo ni "majukumu yake". Fomu ina sehemu ya kueleza kazi utakayofanya. Ikiwa imeandikwa "kung'oa magugu" nawe ukaenda kupanda ngazi kufunga bango ukaanguka, umejiingiza kwenye maswali magumu. Soma sehemu ile kabla ya kutia sahihi, na kazi ikibadilika omba iandikwe.

Namna ya kuanza ni hivi. Unatafuta nafasi kwenye tovuti ya serikali ya Volunteers.gov, au unapiga simu moja kwa moja kwenye ofisi ya hifadhi na kumwomba mratibu wa wanaojitolea. Simu ni bora zaidi, kwani kazi nyingi ndogo za Jumamosi hazitangazwi. Muulize mambo matatu kwa maneno yasiyo na mzunguko: je, kazi hii iko chini ya mkataba wa shirika la serikali kuu? Nani anaandika saa zangu, na kwa njia gani? Je, eneo lenu linatoa kadi lenyewe au nitatumwa ofisi nyingine? Mratibu mzuri atajibu yote matatu papo hapo. Akisitasita kwenye la pili, jiandae kuweka daftari lako mwenyewe, na uliweke vizuri.

Aliye chini ya miaka 18 anahitaji sahihi ya mzazi au mlezi. Fomu inauliza pia hali ya uraia au ukaazi, hivyo mwenye viza azungumze na mratibu kabla ya siku ya kazi, asingoje kusimama mbele ya wenzake na kalamu mkononi. Na kuhusu jina, hili linawahusu sana watu wa kwetu: andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, kwa mpangilio uleule. Wakongo na Warundi wengi wana jina la ukoo lililotangulia kwenye karatasi moja na kufuata kwenye nyingine. Watanzania wenye majina matatu huandika mawili leo na matatu kesho. Kwenye orodha ya saa, majina hayo yanakuwa watu wawili. Mmoja ana saa 130, mwingine 120, na hakuna anayestahili kadi.

Kazi zenyewe

Wengi hudhani kujitolea ni kuokota takataka. Takataka zipo, lakini kazi inayoshika ardhi isiharibike ni ya maji na magugu.

Chukua kizuizi cha maji njiani. Njia ya miguu mlimani, mvua ikinyesha, inageuka mto. Ili isilike, huzikwa gogo au safu ya mawe kukatiza njia kwa mshazari wa kama nyuzi 45, ili maji yatoke pembeni badala ya kuteremka na njia. Tatizo ni kwamba majani na mchanga hujaa upande wa juu wa gogo. Baada ya misimu miwili tatu kimejaa hadi ukingo, maji yanaruka juu yake, na yakitua chini yanachimba shimo ambalo mwaka ujao litakuwa korongo. Kazi ya anayejitolea ni kukwangua upande wa juu hadi mteremko wa kutokea maji uonekane tena, na kuupanua mdomo wa kutokea uwe mpana kuliko wa kuingilia. Kosa la mgeni ni kuutupa udongo aliouchimba palepale kwenye mdomo. Mvua inayofuata inaurudisha wote. Udongo ule unapelekwa upande wa chini wa gogo, unashindiliwa kwa mguu kulitia nguvu, na unaobaki unatupwa mbali na njia ya maji. Ukimaliza, mwaga maji ya chupa upande wa juu uangalie yanaelekea wapi. Yakituama, hujamaliza.

Zana za kazi hii ni mbili. Moja ni McLeod, reki yenye meno mapana upande mmoja na ubapa wa jembe upande wa pili. Ya pili ni Pulaski, shoka lililounganishwa na jembe dogo la kukatia mizizi, iliyopewa jina la Ed Pulaski, ofisa wa Idara ya Misitu aliyewaokoa watu wake katika moto mkubwa wa 1910 kwa kuwaingiza kwenye handaki la mgodi huko Idaho. Ukiibeba, ishike mkononi upande wa bondeni, usiiweke begani. Ukiteleza unaitupa mbali nawe. Kati ya mtu na mtu iwepo nafasi ya mita tatu. Vifundo vya miguu vinakatwa na watu wanaopiga soga huku wamesongamana.

Kwenye maeneo yaliyotengwa kuwa nyika chini ya sheria ya mwaka 1964, msumeno wa injini ni marufuku. Mti ulioanguka njiani unakatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, na huruhusiwi kuushika bila kufuzu mafunzo ya mkataji. Mafunzo hayo, na yale ya usalama ya asubuhi, kwa kawaida huhesabiwa kama saa zako mradi yameandikwa. Muda wa kuendesha gari kutoka nyumbani ni jambo la kuuliza, usilidhanie.

Magugu yana elimu yake pia. Misitu ya mashariki na ya kati inasumbuliwa na Alliaria petiolata, gugu la miaka miwili lililoletwa kutoka Ulaya, ambalo ukisugua jani lake kiganjani linanuka kitunguu saumu. Mzizi wake umepinda karibu na shina kama herufi S, na hiyo ndiyo alama ya kulijua. Hung'olewa masika, udongo ukiwa bado laini kwa mvua, kwa kushika shina chini kabisa na kuvuta taratibu. Likikatikia shingoni litachipua upya. Lililokwisha toa maua haliachwi chini, linaingizwa mfukoni na kutolewa msituni, kwa sababu hata lililong'olewa linaweza kukomaza mbegu likiwa limelala. Na mbegu zilizokwisha anguka zinakaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri. Ndiyo maana kikundi kinachokuja mara moja, kikapiga picha na magunia yaliyojaa, hakijalimaliza. Eneo lilelile linahitaji kurudiwa masika baada ya masika. Ukiondoka, futa matope kwenye soli za buti kabla ya kuingia garini. Mbegu husafiri hapo.

Tumekaa hapa kwa muda kwa sababu moja. Saa za kadi zinahesabiwa sawa, iwe umekwangua kizuizi vizuri au umeziba mdomo. Anayezitoa kwa kujua anachofanya anastahili zaidi, na hakuna safu ya kuandika hilo kwenye fomu.

Zinakopotea saa

Siku ya Kitaifa ya Ardhi za Umma huadhimishwa Jumamosi ya nne ya Septemba tangu 1994, na huvuta umati mkubwa. Ni siku nzuri ya kuonja. Ni siku mbaya kwa saa zako. Siku za namna hii kikundi hutia sahihi karatasi moja ya pamoja: jina, sahihi, basi. Saa za kikundi zinajumlishwa kwa ripoti ya eneo, lakini asipokuwepo mtu wa kuzihamishia kwenye jina lako, zinabaki kuwa saa za "watu 40". Kabla ya kuondoka, mwombe msimamizi akuandikie zako peke yako.

Mtego mwingine ni vyama vya marafiki wa hifadhi. Hivi ni vyama vya kiraia, na vinafanya kazi kubwa. Njia ya Appalachian, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,500, imetunzwa na vilabu vya wanaojitolea tangu kabla haijawa njia ya taifa mwaka 1968. Kazi ya njiani chini ya makubaliano na serikali inahesabiwa. Lakini kumwandalia mwenyekiti wa chama barua za harambee, au kuuza fulana kwenye hafla ya chama, ni saa za chama. Uliza kila mara: leo niko chini ya nani?

Saa za mashirika tofauti zinajumlishwa. Ukiwa na 100 kwenye kimbilio la wanyamapori, 90 kwenye bwawa la wahandisi na 60 msituni, umefika. Ila kompyuta za ofisi hizo tatu hazitafuti jina lako zenyewe. Wewe ndiye wa kubeba uthibitisho kutoka moja hadi nyingine. Hapa ndipo daftari linapookoa. Kila siku ya kazi andika mstari mmoja: tarehe, eneo, kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jina la msimamizi na sahihi yake. Sahihi ya siku ileile. Waratibu huhama na wa msimu huondoka Oktoba; ukirudi baada ya miezi 18 kumtafuta aliyekuona ukifanya kazi, utakuta ofisi nzima haikujui. Kila robo mwaka omba barua pepe fupi ya mratibu inayotaja jumla yako. Ikitofautiana na daftari, rekebisha wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Ukishapewa kadi, hesabu inarudi sifuri. Kadi ya pili ni saa nyingine 250.

Langoni

Tia sahihi nyuma ya kadi siku unayokabidhiwa, kwa kalamu ya wino usiofutika. Ule wa kawaida unachuruzika kwenye plastiki, na kadi isiyo na sahihi haina nguvu. Langoni utaombwa kitambulisho chenye picha, na majina lazima yafanane. Kadi haiazimishwi: shemeji akienda nayo bila wewe, atalipa. Familia ikija na magari mawili, gari moja linaingia kwa kadi na la pili linalipa. Basi la kampuni ya utalii haliingii kwa kadi ya abiria.

Palipo na sanduku tu la kulipia bila mlinzi, kadi inawekwa juu ya dashibodi ikionekana, upande wenye sahihi juu. Gari la wazi au pikipiki haina dashibodi ya kufunga, kwa hiyo omba alama ya kubandika badala ya kuiacha kadi yenyewe. Kwa sababu ikipotea au kuibiwa, hakuna nyingine. Hii ni kanuni kali, na kwa kadi ya namna hii tunaiona haina huruma. Aliyenunua ya dola 80 akiipoteza ananunua nyingine jioni ileile. Wa saa 250 anaanza upya, au ananunua kama mtu yeyote. Rekodi ya saa zake ipo, jina lake lipo. Kumchapishia nyingine kungegharimu plastiki tu.

Wanaotarajia kuwapeleka wazazi au ndugu wanaokuja kutembea kutoka Afrika Mashariki wajue pia kwamba tangu 1 Januari 2026 kuna ada ya ziada ya dola 100 kwa kila mgeni asiye mkaazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi na asiye na kadi ya mwaka, katika hifadhi 11 miongoni mwa zenye wageni wengi zaidi. Pigia hifadhi husika simu kabla ya safari, usisubiri kubishana na mlinzi huku bibi ameketi kiti cha nyuma.

Kama kitu cha kutumia tunaipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu imekatwa na ile kanuni ya kutotoa nyingine. Kama shukrani inapata tatu. Ingepata tano kama waratibu wote wangetunza saa vizuri na kuikabidhi mbele ya watu, na kama mstaafu mwenye kadi yake tayari angepewa kitu kingine kinachomfaa, hata usiku kadhaa wa kambi bure kwenye kambi aliyoisafisha. Anayepaswa kuifuata kwa bidii ni mtu mzima aliye chini ya miaka 62, mwenye familia na gari moja, anayeishi saa moja au mbili kutoka eneo la serikali kuu.

Na ukikaribia saa ya 250, tazama kalenda. Kadi inaisha siku ya mwisho ya mwezi uleule mwaka unaofuata, haijalishi ulipewa tarehe gani. Ukipewa tarehe 30 Mei umepata miezi 12. Mwombe mratibu akuandikie tarehe 1 Juni, siku mbili baadaye, na utaingia nayo langoni hadi tarehe 30 Juni ya mwaka ujao: karibu miezi 13, na Juni ya pili ndiyo ile shule zimefungwa.